Rangi ya Sita

Mimi huandika herufi. Si vitabu: herufi.
Birere nzima wananijua, Nzanzu wa brashi:
saluni, duka la dawa, MBWA MKALI,
na lango moja la chuma kule Himbi
nililolipaka mara tano.
Leo asubuhi nimeitwa tena.

Wa kwanza kuniita alikuwa Mama Kavira.
"Andika DEPO YA MAHARAGE, kubwa,
mtu aisome hata chukudu ikimteremsha mbio."
Nyekundu juu ya nyeupe. Alinilipa nusu;
nusu ya pili ilikuwa sokoni siku lava ilipopita.

Walipofuata wenye kofia za buluu
nilipewa karatasi: herufi sita, bila nukta.
Nikazinakili kama mtoto wa misa anavyonakili Kilatini.
Hakuna aliyeniambia zinasomwaje.

Kisha, mbali na hapa, kwenye hoteli yenye mazulia,
marais wa kanda wakaketi, wakatia saini:
moto wa jirani usiitwe tena moshi,
mpaka upewe macho,
kila nchi ilete ofisa mmoja na kalamu yake.
Macho hayo yakapanga nyumba nyuma ya lango langu.

Nikawaona. Mshitaki na mshitakiwa
wakimiminiana chai ya birika moja.
Bomu likianguka Kibati, walipanda gari jeupe,
wakapima shimo kwa futikamba,
wakaokota chuma, wakakiuliza kimetoka wapi.
Chuma kilijibu. Ripoti ndiyo iliyonyamaza,
maana ilitaka sahihi zote,
na siku zote palikuwa na kalamu moja isiyo na wino.

Lakini nisiseme uongo. Muhindo, mtoto wa jirani,
alifuata mbuzi hadi ng'ambo, akafungwa kama jasusi;
ni wao waliomrudisha, siku ya kumi na tisa,
na karatasi yenye mihuri mingi kuliko miaka yake.
Mbuzi hakurudi.
Mbuzi si nchi mwanachama.

Kapteni Chisomo ndiye aliyetaka jina lote,
kwa Kiswahili, si herufi kavu:
"Watu wajue tumekuja kufanya nini."
Nikapima vibaya. OFISI YA KANDA YA USALA,
lango likaisha. MA ikaangukia mlango mdogo wa mlinzi.
Basi kila mlango ule ulipofunguliwa
neno lilikatika: USALA imebaki nje na vumbi,
MA imeingia ndani na wageni.
Kapteni alicheka mpaka akavua kofia.
"Liache hivyo," alisema, "limeipita ripoti."

Wa nne walikuja na mizinga, vijana wa mashariki,
wakapaka kijani, wakaondoka rangi haijachuja.
Wa tano walitoka kusini. Hao sisemi.
Wengine walirudi kwao ndani ya masanduku,
na mama zao hawajui Himbi ni wapi.
Wote walifuta lango kubwa tu.
Mlango mdogo hawakuujali.

Leo nakwangua. Wembe unatoa kahawia,
kijani, kijivu, buluu, na matundu ya risasi
niliyoyaziba kwa simenti na sabuni;
chini kabisa, nyekundu: HARA.
Mama Kavira ameketi ng'ambo ya barabara
na kikombe chake cha kupimia. Hasomi,
wapangaji anawajua kwa rangi.
"Hawa wapya," anauliza, "wanakula maharage?"
Sijui, Mama. Wamenipa karatasi. Herufi tano.

Mwenye funguo anataka pafutwe pote kabla ya saa nane.
Nimefuta lango.
Kwenye mlango mdogo brashi imekataa.
"Hiyo MA," anauliza, "ni kifupisho cha nini?"
Si kifupisho, namwambia.
Ni mwisho wa neno.
Mwanzo wake bado natafuta pa kuuandika.